Dada Aliyekulia Daftarini

Wiki mbili baada ya kumzika baba nilipita nyuma ya soko la Kitale nikamkuta msichana akibandika mabango ukutani kwa uji mzito wa unga wa ngano. Alikuwa ameupika kwenye kopo la rangi, na bado ulikuwa unafuka. Harufu yake, unga ulioiva nusu na moshi wa kuni mbichi, ilinisimamisha hapo hapo. Msichana akageuka.

"Auntie, kuna kitu?"

"Hakuna," nikamjibu, nikaenda zangu. Lakini mguu ulikuwa mzito, kwa sababu nilikuwa nimerudi kuwa mtoto wa miaka tisa, mikono imekauka gundi mpaka kwenye viwiko, nikimshikia baba bango huku yeye akirudi nyuma hatua tatu kutazama kama limenyooka.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Hiyo ndiyo kazi iliyotulisha. Kazi aliyoipenda ilikuwa nyingine, na ilikuwa na vichwa viwili: aliandika riwaya, na alitengeneza michezo ya kuigiza. Riwaya yake ya kwanza ilitoka kabla sijazaliwa. Ikasomwa katika shule kadhaa za upande wetu, na hata leo nakutana na mtu mzima akaniambia, "Kumbe wewe ni wa yule mwandishi!" Barua zilikuwa zikija kutoka Nairobi zikiuliza cha pili kiko wapi. Baba alizisoma akiwa amesimama, akazikunja, akaziweka chini ya redio, akasema, "Kinakuja. Mtoto hakui kwa kuvutwa masikio."

Mchezo wa kuigiza ndio niliouona kwa macho yangu. Tuliishi Matisi, na kila Jumamosi alasiri watu wa kikundi chake walikusanyika kwenye ukumbi mmoja wa mabati karibu na kwetu: fundi wa baiskeli, wauza mitumba wawili, karani wa ghala la mahindi, na wengine waliokuja na kuondoka. Walikuwa watu wa kawaida kabisa mpaka baba apige makofi mara moja. Hapo fundi baiskeli alikuwa chifu, na mimi niliyemwona asubuhi akipuliza tyubu nilimwogopa kweli kweli. Wengi wao walikuwa watu wa Bungoma, l na r zikibadilishana viti midomoni mwao, na baba aliwapa zoezi kabla ya kuanza. "Semeni: nilipiga kura, halafu nikala." Wangesema nilipiga kula, halafu nikara, ukumbi ukaangua kicheko, na baba akacheka kuliko wote.

Mvua ya Kitale ikipiga mabati husikii hata mtu akikupigia kelele sikioni. Baba hakuwaruhusu kusimama. "Endeleeni bila sauti," angewaonyesha kwa mikono, na wao wangeendelea, midomo ikifunguka na kufumbika, machozi yakitoka, na sisi tukielewa kila kitu.

Mimi nilikuwa na kazi yangu. Nilikaa nyuma ya pazia nikiwa na karatasi za mchezo, na mtu akisahau maneno nilimnong'oneza. Pazia lenyewe lilishonwa na jirani yetu, Bi Zuhura, fundi cherehani aliyekaa nyumba ya tatu kutoka msikitini. Yeye ndiye aliyeshona nguo zote za michezo ya baba, na alinishonea mimi pia, kwa vipande vilivyobaki, kwa hiyo magauni yangu ya utotoni yalikuwa ya kimalkia upande mmoja na ya kimaskini upande mwingine. Nilijiona mtu mkubwa. Hakuna mchezo uliopita Kitale bila karatasi zake kupita mikononi mwangu. Hilo mlikumbuke, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Siku nyingine, mchana baada ya shule, baba alikaa kwenye meza ya chumbani akiandika kwenye madaftari ya kawaida, yale ya mistari yenye jalada la bluu. Akimaliza aliyafungia kwenye sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda. Mama hakuuliza kilichoandikwa. Alikuwa mwanamke mkimya, mkulima hata katikati ya mji. Nyuma ya nyumba alipanda sukumawiki na mahindi mpaka kwenye ukuta. Alimsikiza baba akizungumzia michezo yake kama mtu anavyosikiza redio iliyo kwa jirani.

Siku moja ya likizo baba alisahau kufunga sanduku. Nilikuwa nimejifunza kusoma mwandiko wake kwenye karatasi za mchezo, na nilidhani nitakuta chifu mwingine, au malkia. Nikafungua daftari la kwanza lililonijia mkononi.

Lilimhusu msichana aitwaye Nasimiyu. Baba alimwandika kama mtu anayesimulia ya jana. "Leo binti yangu wa kwanza ameng'oka jino, akanikabidhi niliweke." "Leo nimemsuka Nasimiyu, nimemsuka vibaya, akaenda shule hivyo hivyo ili asiniumize." Ukurasa mwingine alimbeba mabegani katika soko la Bungoma, akamnunulia viatu vyeusi vya kamba, na mtoto akavilalia. Niligeuza kurasa nikitafuta jina langu, Nekesa. Nikasoma daftari la pili, na la tatu. Hapakuwa na Nekesa. Hapakuwa hata na Kitale.

Niliyarudisha kama nilivyoyakuta. Nakumbuka nilikwenda kukaa jikoni na kutazama mikono yangu.

Ilikuwa rahisi kuunganisha mambo, au nilidhani hivyo. Miezi ile baba alikuwa akienda Bungoma kila Jumapili baada ya kanisa. Alisema anawafundisha wanafunzi wa huko mchezo mpya, na alirudi jioni akiwa na uso mwepesi, kama mtu aliyetoka kuoga mtoni. Sasa nilijua. Baba alikuwa na nyumba nyingine. Kulikuwa na mama mwingine huko, na mtoto mkubwa kunishinda, wa kwanza, ambaye jino lake liliandikwa kwenye kitabu. Meno yangu mimi yalitupwa juu ya paa.

Nikamsihi anichukue Bungoma. Akakubali mara moja, na hilo lilinichanganya. Tulipanda nyuma ya pikapu ya rafiki yake mnunuzi wa mahindi wa Moi's Bridge, tukiwa tumekalia magunia matupu, na baba akaimba njia nzima.

Walifanyia mazoezi kwenye ukumbi wa kanisa. Walipopumzika nilitoka kwenda kunywa maji, na kando ya bomba nikamwona baba na msichana wa miaka kama kumi na minne, mwembamba, mwenye sare ya shule. Baba alikuwa amepiga goti akimrekebishia kola.

"Nasimiyu, mwanangu," akamwambia, "ukifika huko utaniandikia?"

"Nitakuandikia, Baba."

"Kila wiki?"

"Kila siku."

Mtu atasema: wewe mtoto wa ukumbini, hukujua ni mazoezi? Lakini mimi nilikuwa na hesabu yangu. Mchezo ambao sikupewa karatasi zake haukuwa mchezo. Na sauti ya baba nilikuwa naijua ya jukwaani, ile inayotoka kifuani, na naijua ya nyumbani. Pale bombani alizungumza kwa ile ya nyumbani.

Nilikaa na hiyo siri siku nne. Ya tano mama alikuwa nyuma ya nyumba akipukuchua mahindi, nami nikimsaidia. Gumba lilikuwa likiniuma. Akaniambia nisikae kama mgeni, nifanye kazi, na maneno yakanitoka.

"Mama, Baba ako na mtoto mwingine. Kule Bungoma."

Mama hakuinua kichwa. "Nani amekuambia hiyo maneno?"

"Nimemwona na macho yangu. Na Baba ameandika yeye kwa vitabu. Ni mkubwa. Ati ndiye wa kwanza."

"Anaitwa nani?"

"Nasimiyu."

Mikono yake ikasimama. Gunzi likamtoka, likabingirika mpaka kwenye mboga. Nilingoja apige kelele, nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nilitaka hata. Badala yake aliniuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza njia:

"Amekuwa mrefu?"

Nikamwambia ndiyo, ni mrefu. Akainuka, akaingia ndani, na nikasikia sanduku la bati likiburutwa sakafuni.

Siku zilizofuata mama alisoma. Baba akienda kazini alitoa madaftari, akasoma akiwa amekaa chini, mgongo kwenye kitanda. Mara mbili ugali uliungua. Baba akirudi alimkuta amepika upya, madaftari yamerudi mahali pake, na hakumwambia neno. Mimi nilijua ninachokiona: mwanamke aliyegundua mke mwenza. Nilijisikia mwenye nguvu na mgonjwa wakati mmoja.

Mchezo wa Bungoma ulikuwa Jumamosi. Baba aliondoka asubuhi na mapema. Alipokwisha kwenda, mama alivaa gauni lake la kanisani, akafunga kitambaa kichwani, akaenda kumgongea Bi Zuhura.

"Nisindikize Bungoma," alimwambia. "Peke yangu sitaweza."

Bi Zuhura alimtazama usoni, akachukua buibui lake bila kuuliza. Nami nikachukuliwa kwa sababu hapakuwa na wa kubaki nami. Njiani nilimwomba Mungu mama asimpige yule msichana mbele ya watu.

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka watu wamekaa madirishani. Tulipata nafasi katikati. Baba mwenyewe ndiye aliyecheza baba, na kwa muda kidogo nilisahau yote, kwa sababu alikuwa mzuri sana. Alipita jukwaani akimtafuta bintiye huku na kule, akiuliza viti, akiuliza mlango, na watu wakacheka. Ndipo msichana akaingia mbio na barua mkononi.

"Baba! Nimeitwa sekondari! Baba, nimepita!"

Mama akasimama.

"Nasimiyu!"

Hakupiga ukelele. Aliita jinsi mama anavyomwita mtoto aliye mbali kidogo shambani, chakula kikiwa tayari. Watu wakageuka, halafu wakatabasamu. Walidhani mwalimu amewapangia mwigizaji katikati yao. Na yule msichana, aliyefundishwa na baba kwamba jukwaani lolote likitokea usisimame, endelea, akageuka akamtafuta mama kwa macho mpaka akamwona.

"Naam, Mama," akajibu. "Ninakuja."

Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Mama akaketi. Sauti iliyomtoka sijaisikia tena, hata juzi kaburini sikuisikia. Bi Zuhura akamkumbatia. Baba alikuwa amesimama jukwaani mdomo wazi, amesahau maneno, na mimi, kwa mazoea, nikajikuta nikitafuta karatasi nimnong'oneze. Kisha akaruka chini, akapita kati ya watu, akapiga goti mbele ya mama. Makofi yakaongezeka. Wengine walikuwa wakifuta machozi, wakifurahi kwamba mchezo ni mzuri.

Nilitolewa nje. Bi Zuhura alinikalisha kwenye ngazi za kanisa, akanifuta uso kwa ncha ya buibui lake ingawa sikuwa nikilia.

"Yule mke mwingine yuko wapi?" nikamuuliza.

"Mke gani, mwanangu?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa changu kwa mikono miwili.

"Hakuna mke mwingine, Nekesa. Kulikuwa na dada yako. Alizaliwa Naitiri, akafa Naitiri, surua ilimchukua akiwa na miaka minne. Wewe ulikuwa hujaingia tumboni. Unajua kwa nini wazazi wako walihamia Kitale? Kule kila mtu alimwita mama yako Mama Nasimiyu. Kisimani, kanisani, sokoni. Hakuweza kuitikia. Akaja mahali ambapo watu wangengoja wamwite kwa jina la mtoto mwingine. Akamwambia baba yako: hilo jina lisitajwe tena kwangu. Na kweli baba yako hakulitaja."

Hakulitaja. Aliliandika tu. Tangu mwaka ule wa msiba alikuwa akimkuza mtoto wake kwenye madaftari, mwaka kwa mwaka, bila kumrukisha hata darasa moja. Na pale alipoona amekua vya kutosha, akamtafutia mwili Bungoma, ambako hakuna jirani yetu ambaye angemwona. Hiyo ndiyo ilikuwa riwaya ya pili.

Siku iliyofuata nilisikia mazungumzo yao. Nilikuwa mlangoni, na sikujificha. Nilitaka nipigwe. Baba alikuwa akiomba msamaha, akisema hakutaka kumwumiza, akisema atayachoma yote.

"Kuchoma?" mama akamwambia. "Baba Nekesa, kwani unafikiri nimekasirika kwa sababu umeandika?"

Baba akainua macho.

"Miaka kumi umekuwa naye. Umemsuka nywele. Umemnunulia viatu. Umeng'oa meno yake yote. Na mimi niko hapo jikoni, ukuta tu uko katikati, ninalia na kaburi. Si ungeniita? Mara moja tu, si ungeniita nije nimwone?"

"Ulisema jina lake lisitajwe."

"Nilisema," mama akajibu. "Nilikuwa mgonjwa. Wewe ukafurahi ukamchukua peke yako."

Walijaribu. Nawapa heshima yao, walijaribu. Kwa muda fulani kila alasiri mama aliacha kazi zake akakaa kando ya meza, mikono mapajani, ili baba aandike yeye akiwapo na kumsomea. Nilipita nje ya dirisha nikaona baba ameshika kalamu na mama anangoja. Mama alikuwa na haya kama mgeni. Wakati mwingine aliuliza, "Anapenda maharagwe? Maana akiwa mdogo alikuwa anayatema." Baba angesema, "Anayapenda sasa," lakini mkono hausogei. Siku moja akaweka kalamu chini, akasema, "Haji tena. Nikimwita haji." Mama akainuka, akayakusanya madaftari yote kifuani, akayapeleka kwenye kabati lake. Baba hakumzuia.

Hakuandika tena. Barua za Nairobi zilipungua, zikaisha. Kikundi cha Matisi kilivunjika, fundi baiskeli akahamia kwingine, na baba akabaki na michezo ya shule tu, ile ya mashindano, ambayo aliifundisha vizuri na bila furaha mpaka akastaafu. Kwenye mazishi walimsifu kama mwalimu aliyeleta vikombe. Ni mzee mmoja tu aliyetaja riwaya, na alikosea jina lake.

Niliwahi kumuuliza, nikiwa tayari mama wa watoto wawili, swali nililokaa nalo tangu siku ile ya sanduku. Tulikuwa kwake, akimenya chungwa kwa kisu.

"Baba, kwa nini mimi hukuniandika? Hata mstari mmoja?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe uko," akasema. Akanikatia kipande.

Nilitamani jibu hilo linitosheleze. Siku nyingi linanitosheleza. Siku nyingine nakuwa na miaka tisa tena nikigeuza kurasa. Na chini ya hayo liko lile lisiloondoka: dada yangu alikuwa hai kwa namna fulani, anakua, anapita mitihani, na mimi kwa wivu nilikwenda nikasema. Surua ilimchukua mara ya kwanza. Mara ya pili nilimchukua mimi.

Baba tulimzika Naitiri, upande wa kulia wa kaburi dogo ambalo utotoni niliambiwa ni la "mtu wa ukoo." Watu walipokwisha kutawanyika mama aliniita chumbani. Madaftari yalikuwa kitandani, majalada yamepauka, pembe zimelainika kwa kushikwa. Alikuwa ameyasoma miaka yote hiyo. Hakuwahi kuniambia.

"La mwisho ndilo linanisumbua," akasema, akalifungua bila kutafuta ukurasa. "Ona. Amempeleka bweni. Ni siku ya wazazi kutembelea watoto. Nasimiyu ameoga, amepiga nguo pasi, ametoka kusimama getini kumngoja baba yake. Wazazi wa wengine wanaingia. Hapo ndipo alipoachia. Amemwacha mtoto getini."

Alifunga daftari, akaniwekea mkononi.

"Nilimwambia mara nyingi, Baba Nekesa, enda umtoe mtoto hapo. Akasema hawezi. Sasa amekufa. Nekesa, wewe ulisoma. Wewe ndiye ulikuwa unajua maneno yake yote. Enda umtoe dada yako."

Nimekaa na daftari hilo tangu siku hiyo. Nimejaribu. Nimeandika kwamba baba amefika na sikuweza kuamini, kwa sababu nilikuwa nimetoka kumwagia udongo. Nimeandika kwamba mama ndiye aliyekuja, na nikaona ni uongo, kwa kuwa hakuitwa. Nimeandika kwamba mdogo wake amekuja, na hapo kalamu husimama kabisa, maana msichana wa getini hunitazama kwa adabu, kama mtu asiyenijua, kisha hutazama barabara nyuma yangu.

Mama hunipigia simu Jumapili baada ya kanisa. Huniuliza watoto, huniuliza mvua. Halafu huja lile ninalolijua.

"Bado yuko hapo?"

"Bado yuko, Mama."

"Haya," husema. "Kesho jaribu tena."

Nami humwambia nitajaribu.